Picha Moja kwenye Televisheni ya Ami Jamaludin

Huwaida alikuwa na ulimi mkali, na hilo mtaa mzima wa Mkomani ulikuwa ukilijua. Ukimwambia "nipigie kapicha kamoja tu, ni dakika moja," basi umejitakia mwenyewe. Hata hivyo wenye harusi walimwita yeye, na wakimkosa walisogeza tarehe. Wapiga picha wengine walisifiwa kwa kamera zao. Huwaida alisifiwa kwa kufunga mdomo na kufunga kabati.

Ngoja nieleze, maana si kila mtu amelelewa Lamu. Kupamba ni shughuli ya wanawake watupu. Bibi harusi huketishwa mahali palipoinuka, amepakwa hina hadi viwikoni, na wanawake wa mji huja kumtazama. Nao hawaji hivi hivi. Mabuibui yakishavuliwa, we! Kuna nywele zilizofukizwa udi tangu asubuhi, kuna magauni yaliyoagizwa Dubai, kuna migongo na mabega ambayo hata shemeji anayekaa nyumba hiyo hiyo hajapata kuyaona. Simu zote hukusanywa mlangoni. Asiyetaka kutoa yake arudi kwao. Kamera hubaki moja tu, na kwa miaka kumi na mmoja kamera hiyo ilikuwa ya Huwaida.

Mabibi harusi arobaini na watatu. Filamu zao zote zilikuwa katika diski moja ya nje, ndani ya kabati la mvule lenye kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye ncha ya leso yake. Laptopu ya kazi haikupata kuonjeshwa intaneti. Mtu akitaka filamu yake alikuja mwenyewe, akapewa mkononi. "Kitu kisichotoka nyumbani kitaibiwa na nani?" alikuwa akisema, na alikuwa akisema kwa majivuno, tusimtetee.

Basi ikakaribia harusi ya Israa, binti wa Bi Esha. Msichana huyu alifiwa na babake akiwa na miaka sita. Jumanne ya wiki ya harusi Bi Esha alikuja kwa Huwaida ameshika kadi ndogo ya kamera ya kizamani, ameifunga ndani ya leso kama dawa.

"Humu muna babake," alisema. "Alijirikodi siku moya akimfunza Alhamdu. Mwana hajapata kuiona, nami sijui imo bado ama imekufa. Nataka uitie mwanzo wa filamu yake."

Huwaida akaitia kadi kwenye laptopu. Faili ilikuwepo, lakini haikufunguka. Akaijaribu kwa programu yake ya kukatia filamu, ikagoma. Akaijaribu simuni, ikagoma. Bi Esha alikaa palepale kitini, akiikunja na kuikunjua ile leso, na hilo ndilo lililomchoma Huwaida. Angelalamika ingekuwa afadhali.

Ndipo alipovunja sharti lake mwenyewe. Waifai ya nyumba ile ilitoka kwa jirani, Bwana Jamaludin, aliyemwita Ami kwa heshima tu, mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya kichochoro. Nyumba hizo mbili zimeungana juu kwa wikio, kile chumba kinachovuka njia mfano wa daraja. Wazee walikijenga ili wanawake watoke nyumba hii waingie ile bila kukanyaga barabarani wala kuonwa na mpita njia. Siku hizi wanawake bado wanapita humo, na waya wa intaneti nao wapita humo humo. Bwana Jamaludin alikuwa amempa Huwaida neno la siri kwa ajili ya simu yake. Siku hiyo akaliandika kwenye laptopu ya kazi kwa mara ya kwanza, akijiambia ni dakika tano tu.

Akatafuta, akapata programu ya bure ya kuchezea video, ya kampuni ya ng'ambo ambayo jina lake halinikai mdomoni. Alama yake ni tiara ya buluu, ile ya karatasi wanayorusha watoto, kwa hivyo nitaiita Tiara tuelewane. Ilijisifu kufungua faili za kila aina, za zamani na za sasa. Akaishusha. Ikamletea kurasa za maandishi madogo madogo kama sisimizi, na chini ya kila ukurasa kitufe kikubwa kinachong'aa: Endelea. Akabonyeza Endelea. Akabonyeza tena Endelea. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na vijisanduku vitatu vilivyokwisha kutiwa tiki, na maelezo yake kwa Kiingereza cha mawakili. Endelea. Wewe ungesoma? Haya basi, nyamaza.

Na ile faili ikafunguka.

Kwanza ukaonekana mkono wa mwanamume, pete ya fedha kidoleni, ukifuata herufi kwenye msahafu. Kisha sauti yake ikisoma polepole, na sauti ya mtoto ikimfuata na kukosea, na yeye akicheka, "Rudia, mama, rudia." Dakika mbili na nusu. Bi Esha alijiziba uso kwa leso akalia, na Huwaida, ambaye hulia mara moja kwa mwaka, akalia naye. Bi Esha akairikodi sauti ile simuni ampelekee Israa, na alipoondoka alimwombea Huwaida dua ndefu mpaka Huwaida akaona haya. Kwa furaha ile nani angekumbuka kuzima waifai? Laptopu ikabaki wazi, diski ya mabibi harusi arobaini na watatu imechomekwa ubavuni ikingojea picha mpya za hina, na Huwaida akashika kazi nyingine.

Siku tatu zikapita.

Ijumaa baada ya sala, Bi Hadil, mke wa Bwana Jamaludin, alikuja kupitia wikioni bila hodi. Bi Hadil ni mtu wa mzaha, hawezi kuingia nyumba ya mtu asimtanie kuhusu uji wake. Siku hiyo hakutania.

"Huwaida, zima hiyo kompyuta yako. Zima sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Zima kwanza. Mume wangu yuko nyuma ya mlango, ataka kunena nawe."

Huwaida akazima, akajitanda leso, akasimama upande huu wa mlango wa wikio uliorudishwa nusu. Upande wa pili alimsikia Bwana Jamaludin akikohoa kikohozi cha mtu asiyejua aanzie wapi.

"Ami, kuna nini?"

"Mwanangu, nisamehe kwanza."

"Nikusamehe nini?"

"Nimewasha televisheni ya baraza, natafuta mpira. Pakatokea jina lako. Laptopu ya Huwaida. Nikakumbuka mwaka yana ulituletea filamu ya maulidi, nikadhani labda watuletea nyingine. Nikabonyeza." Akakohoa tena. "Zikashuka picha, nyingi, ndogo ndogo, kila moya ina jina tini yake. Ya kwanza nimeiona. Ya pili nilikuwa nishafumba mato. Nikaung'oa waya ukutani."

 Huwaida akashika mwimo wa mlango.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Wallahi peke yangu. Wenzangu walikuwa bado wako ndiani."

"Amefunika televisheni kwa kitambaa changu cha meza," Bi Hadil akadakia. "Wanaume wamekuja, wamekuta televisheni imejitanda, wameambiwa ni mgonjwa. Wamekunywa kahawa yangu wakaenda zao wakinung'unika."

Siku nyingine Huwaida angecheka mpaka akae chini. Sasa aliuliza lile alilotaka kujua.

"Ami, ulimuona nani?"

Mzee akakohoa tu.

"Niambie, nimwendee mimi mwenyewe nimwambie. Nimwangukie miguuni."

"Sitakwambia."

"Ami!"

"Hata Hadil sikumwambia. Nikilitaja jina lake n'takuwa nimemtazama mara ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa ni bahati mbaya. Ya pili itakuwa ni mimi." Kisha nyayo zake zikasikika zikirudi nyumbani kwake, na Huwaida akajua kwamba mzee yule, mpole kama alivyo, hata akisukumwa baharini jina hilo hatalitoa.

Aliogopa. Sisemi alishtuka, nasema aliogopa. Miaka kumi na mmoja mji mzima ulimvulia buibui mbele ya kioo cha kamera yake, kwa sababu ya neno lake tu. Na kupamba ya Israa ni kesho.

Ghorofa ya juu ya nyumba ya Huwaida alipanga dada mmoja, Mwalimu Cherotich, anayefundisha kompyuta shule ya upili. Kwao ni Kapsabet. Alikuwa na miaka minne Lamu na bado akikutana na punda kichochoroni alirudi nyuma kumpisha. Huwaida alimkuta akisahihisha mitihani. Hakusema mengi. Alimshika mkono akamteremsha chini, na njiani akamweleza.

Cherotich aling'oa kwanza ule waya wa wikioni. Kisha akaiwasha laptopu, akaifungua Tiara, akaingia kwenye mipangilio, mahali ambapo Huwaida hakupata kufika. Akasoma, akavuta kiti, akasoma tena.

"Bi Huwaida, hii kitu imejiamulia mambo. Ona hapa. Imekusanya video zote ziko kwa kompyuta, na za kila diski ukichomeka. Hapa sasa, imeziweka wazi kwa kila televisheni na kila simu iko kwa hiyo waifai. Hata haikuuliza nani ni nani."

"Mimi sikukubali hayo!"

"Hukukubali. Walikukubalia. Tiki zilikuwa zimeshawekwa. Wewe kazi yako ilikuwa kuzitoa, kama ungejua ziko."

"Na hii ya tatu?"

Cherotich alisita. "Hii inatuma majina ya video kwa kampuni. Wanasema ni ya kutafutia picha za jalada na kuboresha huduma. Majina tu, si video zenyewe."

Majina. Kila faili Huwaida aliipa jina la bibi harusi, na la babake, na tarehe. Alitamka neno ambalo mimi siliandiki hapa, na Cherotich akajifanya hakulisikia.

Walipekua zaidi. Tiara ilikuwa na kumbukumbu ya walioingia, nayo angalau haikudanganya: kifaa kimoja tu, televisheni ya Bwana Jamaludin, mara moja tu, Ijumaa ile ile, chini ya dakika. Hakuna filamu hata moja iliyochezwa. Cherotich akazitoa zile tiki tatu mbele ya Huwaida, moja moja, akimsomea maana ya kila moja kwa Kiswahili. Akaigeuza faili ya babake Israa iwe ya aina inayofunguka popote, kisha akaiondoa Tiara kwenye laptopu.

"Kuna zingine za bure na hazina hii tabia," alisema. "Na kampuni tutawaandikia leo. Sheria ya kulinda data iko; tutawaambia wafute hayo majina na watujibu. Nitakusaidia barua." Akaifunga laptopu. "Sasa nisikize. Imeisha. Ameona mtu mmoja, na huyo mtu hata umpige hasemi. Wachana nayo. Kesho nenda ufanye kazi yako."

Huwaida alimpenda kwa neno lile, na papo hapo akalichukia. Lilikuwa neno tamu mno. Nani angejua? Bwana Jamaludin angekufa nalo. Bi Hadil asingesema. Wala Mwalimu. Angeenda kesho, wanawake wangevua mabuibui yao, angewapiga picha, wangemshukuru.

Alikaa chini akafikiri. Kama ami angelitaja jina, angemwendea mwanamke mmoja, akamlilia, yakaisha. Sasa alikuwa nao arobaini na watatu, na kila mmoja huenda ni yeye. Alijiuliza, ningekuwa mimi ningetaka kuambiwa? Jibu lilikuja kabla hajamaliza kuuliza. Angetaka. Na aliyemficha angemrarua.

"Naenda kwa Bi Esha," alisema.

"Leo? Na harusi ni kesho?"

"Ndiyo maana ni leo."

Bi Esha alikuwa ukumbini anapanga visahani vya halua, mabinti wa ukoo wamemzunguka. Alipomwona Huwaida alifurahi, akataka kumtilia kahawa. Huwaida akaomba wale mabinti watoke. Akasema yote akiwa amesimama, kwa pumzi moja, kuanzia kitufe cha Endelea hadi kitambaa cha meza.

Bi Esha alikiweka chini kisahani alichokuwa amekishika. Aliuliza swali moja tu.

"Ni kwa sababu ya kadi yangu?"

"Hapana. Ni kwa sababu ya uvivu wangu wa kusoma."

"Ni kadi yangu," alisema Bi Esha, na uso wake ukabadilika. "Nimetaka kusikia sauti ya mtu aliyekufa, nimewavua nguo wana wa watu." Huwaida akataka kumkataza, lakini Bi Esha akainua mkono. "Nenda, Huwaida. Nenda kabla sijanena neno la kujutia. Na mji mzima niliwambia, kwa Israa nataka Huwaida, simtaki mwengine!"

Huwaida alitoka. Alifika dakani, pale kwenye viti vya mawe vya mlangoni, macho yamemjaa, alipomsikia mtu akiteremka ngazi mbio. Ni Israa, hina bado mbichi mikononi, ameitanua mikono isiguse kitu.

"Mama asema kesho uye," alisema, akihema. "Kamera uye nayo, lakini isitoke mkobani. Utanena mbele ya watu, na watakalosema watu ndilo."

"Na wewe wasemaje?"

Israa akaitazama mikono yake. "Nimemsikia baba akiteka na kunambia nirudie," alisema.

Jumamosi baada ya alasiri ukumbi wa Bi Esha ulijaa. Wanawake themanini, labda zaidi, wa Mkomani na Langoni, wa Shela, wa Matondoni. Mlangoni simu zilikusanywa kama kawaida, ila siku hiyo palikuwa na jambo jipya: Bi Esha aliomba mtu asivue buibui mpaka aambiwe. Kwa hivyo waliketi themanini wote weusi tititi kwenye mikeka, feni zinazunguka bure juu yao, wananong'onezana kuuliza kuna msiba gani. Bibi harusi alikuwa chumba cha ndani, tayari, anatota jasho.

Huwaida akasimama mbele. Mwanamke ambaye maneno hayajapata kumwishia, siku hiyo alianza mara mbili akakwama. Mara ya tatu akapata. Hakumlaumu Jamaludin, hakumtaja Bi Esha wala kadi. Alisema, nilitia kitu cha bure, chenye alama ya tiara ya buluu, kwenye kompyuta yenye filamu zenu, sikusoma, kikazifungulia mlango. Alisema majina yamekwenda ng'ambo na barua imeshaandikwa yafutwe, na jibu bado. Alisema picha moja imeonwa na mwanamume mmoja, na hajui ni ya nani.

Ukumbi ulilipuka. Wote walisema kwa pamoja, na juu ya sauti zote ikapanda ya Barke. Barke ndiye aliyekuwa bibi harusi wa kwanza kabisa wa Huwaida, miaka kumi na mmoja nyuma. Sasa ni mama wa wana wanne na akikasirika hata majirani hufunga madirisha.

"Yangu imo?"

"Imo."

"Na huenda ndiyo iliyoonwa?"

"Huenda."

"Na hujui!"

"Sijui, Barke. Ami Jamaludin amekataa kusema."

"Amekataa kwa nini? Ataka kuiweka moyoni?"

Hapo Bi Hadil akanyanyuka, akitegemea bega la jirani yake. "Barke, mume wangu mimi namjua," alisema. "Usiku kucha nimemuuliza. Nimembembeleza, nimemnunia, nimemnyima chai ya asubuhi. Hakutoa hata herufi. Alimaliza kukataa akaniambia, Hadil, nikikwambia utakutana naye sokoni utamtazama vingine. Nikamtilia chai yake."

Ukumbi ukatulia kidogo. Ndipo bibi mmoja wa Shela, mtu mzima, akauliza kutoka nyuma, "Hiyo tiara ya buluu ikoje? Mbona kama ile iliyo simuni mwangu? Mjukuu wangu alinitilia niangalie mawaidha."

"Hata yangu," akasema mwengine.

"Na yangu, ya kuangalia mapishi."

Wakatazamana. Bi Esha, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, akasema kwa sauti kavu, "Haya, leteni lile kapu la simu."

Sijui kama pamepata kutokea kupamba kama ile. Mwalimu Cherotich alikuwa amealikwa, amekaa pembeni ndani ya buibui la kuazima lililomzidi urefu, na sasa akainuliwa akasukumwa katikati. Akaanza kupita mkeka kwa mkeka. Fungua hapa. Bonyeza hii gurudumu ndogo. Sasa shuka. Unaona hiyo tiki? Uliweka wewe? Basi itoe. Waliokuwa wanajua Kiingereza walianza kuwasomea wengine kwa sauti, na kila walichosoma kilipokewa kwa makelele.

"‘Ruhusu maikrofoni isikilize.' Isikilize nini, nikikoroma?"

"Hii yangu yataka kujua niko wapi! Mume wangu mwenyewe hajui niko wapi!"

"Itoe! Itoe na hiyo nyingine!"

Huwaida alipiga magoti kwenye mikeka pamoja na Cherotich, akisoma kila mstari, hata ile mirefu, hata ile ya kijinga, hakuruka neno. Alikuwa kwenye simu ya bibi wa Shela alipoona mkono umemnyooshea simu nyingine. Akainua macho. Alikuwa Barke, amegeuza uso pembeni.

"Nitolee," alisema Barke. "Na unisomee zote."

Akamsomea zote. Barke hakusema ahsante. Akaichukua simu yake, akaenda kuirudisha kapuni mwenyewe.

Simu zikarudi mlangoni. Kelele zikafa. Na ndipo lile swali lililobaki, la kuvua au kutovua, likaja likakaa katikati ya ukumbi, kila mtu analiona na hakuna anayeligusa. Wanawake themanini walikaa ndani ya mabuibui yao. Huwaida alisimama ukutani na mkoba wake umefungwa. Hakuomba. Alikuwa ameamua usiku uliotangulia kwamba hataomba, kwa sababu mtu hawezi kuombwa jambo kama hilo. Akaanza kuutia mkoba begani.

Barke alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Alishika buibui lake kwa juu, akalivua lote kwa mkupuo mmoja, akalitupa kwenye mkeka. Gauni la kijani, mabega wazi, nywele zimeshushwa hadi kiunoni. Akatembea mpaka mbele kabisa akakaa.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" akauliza Bi Hadil.

"Niliyeonwa. Ni mimi."

"Umejuaje?"

"Sijui. Nasema ni mimi, limekwisha. Aliyekuwa akiogopa kuwa ni yeye, asiogope tena."

 Kisha upande wa dirishani msichana aliyeolewa mwaka juzi akasimama, akavua buibui lake. "Hata, Barke, usijipe sifa. Ni mimi."

"Wewe? Wewe ulikuwa umekonda, Ami angedhani televisheni imepasuka kioo!" Barke akamtania.

Kicheko kikapiga dari. "Ni mimi!" akaitikia wa tatu, na mkono wake tayari uko kichwani. "Mie ndiye niliyekuwa na lile gauni la dhahabu, lazima ni mie!" Wakasimama wa nne na wa tano, dada wawili walioolewa siku moja, wakibishana wao kwa wao ni yupi. Hata bibi wa Shela, ambaye aliolewa kabla kamera haijafika kwao, akasema ni yeye na anayebisha ajitokeze. Mabuibui yalianguka mikekani moja baada ya jingine, na ukumbi ule mweusi ukawa wa rangi zote, ukinukia udi na asumini na jasho la kungoja.

Huwaida alijua huenda mmoja wao alikuwa akisema kweli. Alitazama nyuso zile zote zikicheka, akatafuta, na hakuweza kumjua ni nani. Akashukuru kwamba hawezi.

"Huwaida!" Bi Esha aliita, mkono wake uko kwenye pazia la chumba cha ndani, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kufokea watu kazini. "Mbona wasimama na mkoba begani kama msafiri? Mwanangu yuwaya ukumbini. Toa kamera!"